Mpishi wa Manyoya

Asubuhi ya kwanza ya kuamka nyumbani kwa mumewe, msusi alidhani kuna yai limepasuka chini ya kitanda. Alilitafuta. Aliinua shuka, akamulika uvunguni kwa simu, akasogeza kabati, akakuta vumbi na kandambili moja isiyo na mwenzake. Harufu haikutoka uvunguni. Ilikuwa inaingia dirishani pamoja na jua, nzito, harufu ya yai viza lililochemshwa, na nyuma yake kulikuwa na kitu kingine, kama mbwa aliyelowa mvua.

Akaenda jikoni. Mama mkwe alikuwa anakunywa chai kwa utulivu wa mtu asiye na pua.

"Mama, kuna kitu kimeoza."

"Wapi?"

"Sijui. Kila mahali."

Mama mkwe akanusa kushoto, akanusa kulia, kama mtu anayetafuta jina alilolisahau. "Mimi sisikii kitu, mwanangu." Kisha akaweka kikombe chini. "Aa. Hiyo siyo kuoza. Hiyo ni kazi. Ameshawasha."

"Amewasha nini?"

Mama mkwe alimtazama vizuri, akaona haigizi. "Hajakuonyesha? Huyu mtoto naye. Aliniambia tuzime moto mpaka uizoee nyumba. Nikamwambia, nyumba gani hii itakayozoeleka bila moto wake? Vaa ndala, twende."

Alichokijua msusi kuhusu mumewe kilikuwa hiki. Alikuwa muuzaji aliyekuja saluni na dumu, shati limepigwa pasi, kucha zimekatwa mpaka nyamani, ananukia sabuni ya limau. Siku ya kwanza alipoulizwa yeye ni nani, alisema, "Mimi mpishi." Mpishi wa nini? "Wa dawa ya nywele." Wanawake waliokuwa chini ya mashine za kukaushia walicheka, na tangu hapo jina lake likawa Mpishi. Ndani ya dumu kulikuwa na maji ya rangi ya chai hafifu, yasiyo na harufu ya maana. Ukiyachanganya kidogo na kondishena, ukapaka kwenye nywele zilizoungua kwa dawa ya kulainisha, zile zinazokatika hata ukizitazama tu, ukisuuza unakuta zimeshika. Zimepata uti wa mgongo. Msusi alikuwa ameona kichwa cha mwalimu mmoja, mteja wake wa zamani, kikitoka kwenye hali ya ufagio uliochakaa mpaka nywele zikagusa mabega. Hayo hakusimuliwa na mtu. Aliyashika kwa vidole vyake.

Wateja walipouliza ni kitu gani, aliwaambia ni mambo ya asili, na akilini alikuwa anaona mizizi, au majani fulani yanayopondwa kwenye kinu. Yeye hakuwahi kumuuliza Mpishi mwenyewe. Mtu akikuletea kitu kizuri kwa mkono safi, unaanzia wapi kumhoji? Na alipokwenda kujitambulisha kwa wakwe, ilikuwa Jumapili, uwanja umefagiwa, banda la nyuma limefungwa, hewa tulivu.

Banda lilikuwa ng'ambo ya mtaro, la mabati, na nje yake magunia yaliyolowa yameegemezwa ukutani kama walevi. Mama mkwe alilifungua moja kwa ncha ya mguu.

Manyoya. Manyoya ya kuku kutoka machinjioni, yameshikamana kwa maji na damu kama nguo zilizotolewa kwenye beseni bila kukamuliwa. Vipande vya ngozi vyenye mafuta ya manjano vilikuwa vinaning'inia humo. Mguu mmoja mzima, na kucha zake. Gunia la pembeni lilikuwa limekaa zaidi, na juu yake palikuwa panachezacheza. Msusi alidhani ni upepo mpaka alipoinama akaona ni funza. Inzi waliinuka kwa pamoja, wakatua kwa pamoja, mmoja akatua mdomoni mwake.

"Tunayachambua kwanza," mama mkwe akasema, kwa sauti ya mwenyeji anayemwonyesha mgeni chumba cha kulala. "Ngozi huku, miguu kule. Kisha tunayaosha kwa sabuni mpaka maji yatoke meupe. Hapo ndipo yanaingia kwake."

Ndani, Mpishi alikuwa amesimama juu ya ngazi fupi, amevaa buti za mpira na aproni ya plastiki, anakoroga pipa la chuma kwa mwiko mrefu kuliko yeye. Mvuke ulikuwa unapanda na ile harufu, sasa ikiwa na uzito wa kushikika. Manyoya yalikuwa yanayeyuka ndani ya magadi makali, yale ya watengeneza sabuni. Yalikuwa yameshakuwa uji, uji wa kahawia wenye nyuzinyuzi, unaotoa mapovu polepole, na kila povu lilipopasuka lilitoa sauti ya mtu anayecheua.

Akamwona mkewe mlangoni. "Ungengoja kidogo," akasema kwa upole. "Nilitaka nikueleze kwanza."

Msusi alifungua mdomo amjibu, na kilichotoka hakikuwa jibu. Aliinama mtaroni akatapika keki ya harusi yake.

*

"Ulinificha," alimwambia mchana.

"Nilikwambia mimi mpishi."

"Mpishi wa manyoya."

"Hukuniuliza dawa naipika kwa kitu gani."

"Na wewe hukutaka niulize. Ulizima moto."

Mpishi alifikiri. "Hilo kweli," akasema.

Kisha akamweleza, polepole, bila kujitetea sana. Unywele wa mtu na unyoya wa kuku ni ukoo mmoja. Unyoya ukichemka kwenye magadi unafumuka, unakuwa vipande vidogo visivyoonekana, na vipande hivyo ndivyo vinavyojishikiza kwenye unywele ulioungua na kutoboka, vikauziba. Pipa likishatulia anayaua makali ya magadi kwa asidi ya limau, anachuja kwa kitambaa, anachuja tena kwa mkaa, anachemsha upya, anatia dawa ya kuzuia kuoza, anafunga. "Hapo hakuna kuku tena. Hakuna damu, hakuna mdudu. Ni safi kuliko maji tunayokunywa."

"Usiseme kunywa."

"Nasema tu ili ujue." Na kwa kuwa aliona haamini, alifungua chupa iliyokuwa tayari, akachovya kidole, akakilamba. "Umeona?"

Msusi aliona. Ndiyo picha iliyomjia kila mume alipomsogelea.

Kinyaa hakisikilizi maelezo. Kinasubiri uyamalize, kisha kinaendelea na shughuli zake. Mpishi alikuwa anaoga akitoka bandani, anaoga tena kabla ya kula, anajisugua kwa limau mpaka ngozi inawasha, na bado mkewe aliapa kwamba kuna harufu nyuma ya masikio yake, na nyingine kwenye mkunjo wa kiwiko. Aliacha kula kuku. Akaacha mayai. Akaacha chochote kinachotokota. Mume akimpakulia wali, aliula ule wa pembeni ambao mwiko haukuugusa, na ulipokwisha huo alisema ameshiba.

Mama mkwe alimwangalia kwa siku kadhaa akinyamaza, halafu akashindwa.

"Mkwe wangu, kuku ulikuwa unamla mpaka mfupa unautafuna. Unyoya umekukosea nini?"

"Sijui, mama. Ningejua ningeuomba radhi."

"Na huo mto unaolalia, unafikiri ndani umejaa nini?"

Kuanzia siku hiyo msusi alilala bila mto.

Hakuwa mtu wa kelele. Alijaribu kwa dhati. Alijiambia kwamba mume ni mwema, hanywi, hapigi, kazi yake haimdhuru mtu. Yote yalikuwa kweli na hayakusaidia. Tumbo lilikuwa na mahakama yake. Mwishowe alimwambia waziwazi, wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya mbele, upande ambao upepo ulikuwa unawahurumia.

"Mimi siwezi. Ama pipa liondoke, ama niondoke mimi."

Jirani aliyekuwa anapita akasalimia, Mpishi akamjibu, akangoja apotee kwenye kona. "Kazi hii aliniachia baba," akasema. "Nikiizima nitakuwa nani?"

"Utakuwa mume wangu."

"Nipe basi muda nimalize magunia yaliyopo."

Msusi alikubali. Lakini alipanga nguo zake kwenye begi, akaliweka nyuma ya mlango bila kulifunga zipu, ili kila mtu alione na asiwepo wa kusema hakujua.

*

Saluni ndiyo ilikuwa pumziko lake. Pale palinuka manukato, poda na nywele za moto. Alifanya kazi na mwenzake mmoja, mwanamke mrefu kiasi cha kuinama mlangoni, na kila mtu alimwita Ndefu. Kuhusu manyoya msusi hakumwambia. Vichwa vilikuwa vinaendelea kuja, vimeungua, vinahitaji kushikwa, na hakukuwa na kitu kingine kilichovishika kama kile. Alivaa glavu, akatazama pembeni, akapaka.

Dawa ya Mpishi haikutumika kwao kama ilivyotoka kwenye dumu. Saluni ilikuwa na ndoo yake, nyeupe, ya mfuniko, inayokaa chini ya sinki. Humo walimimina dawa, wakatia kondishena, wakaongeza maji ya bomba ili iwe nyepesi na ifike vichwa vingi. Wala hawakuiacha iishe. Huo ulikuwa ufundi wa msusi mwenyewe, aliouanzisha tangu walipofungua: ikibaki kidogo chini, unamimina mpya juu yake. Kile cha chini walikiita mbegu. Aliwaza hivi: maziwa hayagandi vizuri bila kubakiza kidogo ya jana, na dawa nayo ni hivyohivyo, ya zamani inaiamsha mpya. Na kweli, kadiri mbegu ilivyozeeka ndivyo dawa ilivyozidi kuwa nzito, ikawa inateleza, ikawa inavutika kwenye vidole kama ute. Wateja waliipenda mno.

"Nichotee ile ya chini," walikuwa wanasema. "Ile inayovutika."

"Ya chini ni ya wenye ndoa," Ndefu aliwajibu. "Wewe anza na ya juu kwanza, tukuone tabia yako."

Saluni nyingine zilinunua kwa Mpishi yuleyule na hazikuweza kuifanya ivutike. Hiyo ilikuwa siri ya nyumba, na fahari yake.

Siku Mwalimu alipoingia, alikuwa amejifunga kitambaa mpaka kwenye nyusi. Hakukaa kwenye kiti chake cha kila mara. Alisimama.

"Sikuja kugombana," akasema. "Nimekuja unitazame."

Akafungua. Harufu ilitoka kabla ya kichwa kuonekana, harufu ya kitambaa cha vyombo kilichosahauliwa kwenye maji. Nywele zilikuwa zimegandana chini, na msusi alipozitenganisha kwa mpini wa kitana, aliona kila shina la unywele limekaliwa na kipele chenye kichwa cha manjano. Vingine vilikuwa vimepasuka. Kimoja kilipasuka wakati huo, kwa sababu ya mpini, na kikatiririka taratibu kuelekea sikioni.

Ndefu alirudi nyuma hatua moja, akajisingizia anatafuta taulo.

"Vinawasha, vinauma, silali," Mwalimu akasema. "Watoto darasani wameanza kukaa madawati ya nyuma. Mlinilainisha, ikaniunguza kidogo, nikasema kawaida. Mkanipaka ile dawa yenu. Sasa naomba mniambie, mmenipaka nini?"

"Dawa ya siku zote, Mwalimu," Ndefu akasema. "Tena wewe tulikuchotea ya chini."

Msusi aliutazama usaha ule, na mambo yote ya mwezi ule yakampanda kooni: magunia, funza, kidole kilicholambwa. Kumbe tumbo lake lilikuwa na haki. Kumbe lilikuwa limejua.

"Manyoya ya kuku," akasema.

"Nini?"

"Ni manyoya ya kuku. Ya machinjioni. Yanachemshwa kwenye pipa mpaka yanakuwa uji."

Ndefu akamgeukia. "Dada, unaumwa?"

"Nimeyaona kwa macho yangu. Yana funza." Na bila kujua kwa nini, akaongeza, "Miguu inatolewa kwanza."

Mwalimu alijifunga kitambaa chake kwa makini, kama mtu anayefunika chungu. "Ahsante kwa kusema ukweli," akasema, akaenda moja kwa moja kwa bwana afya.

Jioni msusi alimwambia mumewe. Alimwambia kwa sauti ya chini, akiangalia ukuta. "Mwalimu ana vidonda kichwa kizima. Nimemwambia ukweli. Bwana afya anakuja kesho."

"Ukweli upi?" Mpishi aliuliza.

Msusi akageuka, akaenda zake chumbani. Kitu kilichomsumbua si kukosa huruma, maana huruma alikuwa nayo. Kilichomsumbua ni kwamba ndani yake alikuwa amefurahi. Serikali ingelifunga banda, yeye angebaki na mume, na hakuna ambaye angesema mke ndiye aliyelizima pipa la marehemu baba mkwe.

*

Bwana afya alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye leso mbili: moja ya jasho na moja ya pua. Alifika na Mwalimu. Alianzia kwenye magunia, na huko leso ya pua ilifanya kazi yake. Akaingia bandani, akauliza kila hatua, akajibiwa kila hatua. Akaomba kuona kilichokwisha. Mpishi akamwonyesha rafu ambako kila alichokipika aliwekea akiba chupa moja, imefungwa, ya juzi, ya mwaka jana na ya kabla yake. Bwana afya aliziinua moja moja kwenye mwanga. Zote zilikuwa zinaangaza kama chai. Akafungua ya zamani kuliko zote, akainusa, kwanza kwa mbali kama mtu anayenusa mtego, kisha akaweka pua juu yake kabisa.

"Hainuki," akamwambia Mwalimu, kwa mshangao kidogo.

"Kichwa changu kinanuka," Mwalimu akasema.

"Kitu hiki nakijua," bwana afya akaendelea. "Hata kwenye chupa za madukani kimo, kimeandikwa kwa jina refu lisilosomeka. Kinatengeneza nywele zilizoharibika, na ngozi haina ugomvi nacho, labda mtu mmoja mmoja. Wewe bwana, nakukemea kwa hayo magunia na huo mtaro. Hapo pana aibu. Funza hawa hawatakiwi kufika mlangoni pako. Lakini sioni hapa kilichomtia mama huyu usaha." Akamgeukia Mwalimu. "Ulipakwa kutoka kwenye chupa kama hii?"

"Hapana. Kutoka kwenye ndoo."

"Ndoo ipi?"

Wote wakamtazama msusi.

Walikwenda saluni kwa miguu, bwana afya mbele, Mpishi nyuma. Ndefu aliwapokea kwa tabasamu la mwenye duka. Alipoombwa ndoo, aliivuta kwa fahari. "Hii hapa. Ukitaka kujua utamu wake, usiangalie juu. Chini ndiko kuna mbegu."

"Mbegu?"

"Hatujawahi kuimaliza. Tangu tufungue."

Bwana afya akaomba imiminwe, taratibu, kwenye sinki jeupe.

Juu ilitoka kama kondishena. Katikati ilianza kutoka kwa mafungu, na mafungu yakawa kamba, na kamba hazikukatika. Zilining'inia kutoka kwenye ukingo wa ndoo mpaka kwenye sinki, zikitikisika. Zilikuwa na rangi ya waridi kwa ndani, kama fizi. Ndani yake mlikuwa na nywele za watu, nyingi, za rangi na urefu mbalimbali, ubawa wa mende, na kipande cha plasta chenye doa. Harufu iliyopanda haikuwa ile ya banda. Ile ya banda ilikupiga usoni ikakuacha. Hii ilikuwa tamu kidogo. Ilikaa kwenye ulimi.

Mpishi alisogea. "Mlitia maji?"

"Ya bomba," msusi akasema.

"Kiasi gani?"

"Nusu. Siku za wateja wengi, zaidi."

"Dawa ya kuzuia kuoza niliipima kwa dumu, sikulipimia bomba," Mpishi akasema, na hakuwa anamlaumu, alikuwa anafuata jambo mpaka mwisho wake, kama kawaida yake. "Ukiizimua hivyo inakuwa kama haimo. Na hiki ni chakula, mke wangu. Chakula ukikitia maji, ukakifunika, ukakiacha mahali pa joto, ukawa unakiongezea chakula kingine..." Akainama aone vizuri. Ute mmoja mrefu ukajikata wenyewe, ukadondoka, ukalia. Mpishi akaweka mkono mdomoni, akatoka nje, na wote wakamsikia, mtu aliyekulia juu ya magunia ya funza, akitapika kwenye chungu cha maua cha mlangoni.

"Kwa hiyo ule mvutiko," Ndefu akasema polepole.

"Ni wadudu," bwana afya akasema. "Wadogo, hawaonekani. Wametengeneza kitanda chao. Mkawapaka kwenye ngozi iliyoungua."

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa kiti. "Na mimi," akasema, "nilikuwa naomba. Nilikuwa nasema, nichotee ile ya chini." Akajipangusa ulimi kwa leso ingawa hakuna aliyempaka ulimini. "Heri kuku. Wallahi heri kuku na miguu yake."

Bwana afya aliamuru saluni ifungwe mpaka atakaporudi, ndoo itobolewe ikatupwe, kila kitana, kila brashi na kila bakuli visuguliwe kwa dawa. Ndefu alisema ataanza na vitana. Msusi alibaki na ndoo. Alijaribu kuitikisa ili kilichobaki kitoke, kikakataa. Kilikuwa kimeshika kwenye kuta. Glavu zilikuwa zimekwisha. Basi akapandisha mkono wa gauni mpaka begani, akaingiza mkono mtupu ndani ya ndoo.

Kilikuwa na uvuguvugu. Hilo ndilo ambalo hakulitarajia. Kilikuwa laini kama upande wa ndani wa shavu, na alipokishika kikateleza, na alipokichimba kwa kucha kikaachia kuta zote kwa pamoja na kutoka kipande kimoja, kizito, kama ulimi wa mnyama. Alikishikilia kwa muda juu ya sinki, Mpishi akimtazama kutoka mlangoni. Alivikumbuka vichwa vyote. Alikumbuka wanawake wakifumba macho kwa raha wakati anawapaka, na yeye akijisikia fundi. Halafu alikumbuka wali alioukataa.

*

Chakula cha jioni alipika yeye. Alikuwa amenawa mpaka mikono imebabuka. Alimpakulia mume, akamsogezea sahani, na Mpishi akaipokea akasema ahsante, kisha akaizungusha kidogo sana, ili upande ulioguswa na dole gumba la mkewe ukae mbali naye.

Alifikiri hakuonekana. Lakini njia hiyo msusi alikuwa ameipita kila siku na aliijua kwa kona zake zote.

"Nimenawa," akasema.

"Najua."

"Kwa dawa. Mara nyingi."

"Najua, mke wangu. Nisamehe. Kila nikiangalia mkono wako, naona kile kitu kilivyotoka kizima."

"Mimi kila nikikuangalia mdomo, naona kidole ulichokilamba."

Walitazamana. Wote wawili waliweka vijiko chini.

"Nyie mnanichosha," mama mkwe akasema, akazivuta sahani zote mbili upande wake. "Nyani haoni kundule, lakini nyinyi mmeonyeshana, sasa basi. Mkilia njaa msinigongee."

Mpishi alianza kucheka, kwa aibu, kwa pua. Msusi hakucheka, ila alihisi kitu kifuani kinalegea, mahali palipokuwa pamekaza tangu asubuhi ile ya yai.

"Pipa," Mpishi akasema alipotulia. "Magunia yamebaki machache. Nilikuahidi."

Kinyaa kilikuwa bado kipo. Msusi alikigusa ndani yake kama mtu anayegusa jino bovu, akakikuta palepale. Hakikupungua kwa sababu alikuwa amekosea. Lakini sasa alijua kwamba si shahidi wa kutegemewa.

"Agiza mengine," akasema. "Lakini yafunikwe. Na mtaro uchimbwe upya, kama alivyosema bwana afya. Na usinilazimishe kuingia humo ndani."

"Sikulazimishi."

"Nikiingia, nitaingia mwenyewe."

Akainuka, akaenda kulitoa begi nyuma ya mlango, maana lilikuwa linazuia watu kupita.

Vidonda vya Mwalimu vilikauka kwa dawa za hospitali, vikaacha mabaka, na nywele zilizobaki zikawa zinakatika kwenye mto kila asubuhi. Alikaa wiki nyingi bila kuonekana. Saluni ilipofunguliwa tena, wateja walikuja mmoja mmoja, wanachungulia chini ya sinki kabla ya kukaa, na wengine hawakurudi kabisa. Msusi hakumlaumu yeyote.

Mwalimu alirudi mchana mmoja wa jua kali. Alikaa kwenye kiti chake, akavua kitambaa, akajitazama kwenye kioo bila kupepesa.

"Nataka ile ya kuku," akasema. "Chupa ifunguliwe mbele yangu. Ipakwe bila kutiwa maji. Itakayobaki imwagwe."

Msusi akaleta chupa, akamwonyesha kifuniko ambacho hakijaguswa, akakifungua. Kilitoa sauti ndogo. Akanusa, naye Mwalimu akanusa: hakukuwa na kitu. Akamimina kiasi kwenye bakuli jipya, akaigusa dawa kwa vidole vitupu ajue kama ni baridi, na pamoja na yote aliyoyajua, tumbo lake likajigeuza mara moja, kwa uvivu, kama mtu anayegeuka usingizini.

Kwenye kioo Mwalimu alikuwa ameuona uso wake.

"Unaona kinyaa?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hata mimi," Mwalimu akasema, akafumba macho. "Paka."